Jibu Limetulia, Lakini Limetulia Wapi?

Ukisoma tasnifu za optiki zinazohusu nyavu za metali, ukifika sura ya mbinu utakutana na sentensi ya aina hii: tuliongeza idadi ya hamoniki mpaka matokeo yakaacha kubadilika. Msimamizi anatikisa kichwa kukubali, mtahini naye anakubali, kurasa zinaendelea. Leo nataka tuihakiki sentensi hiyo moja tu. Kwa kioo na plastiki inafaa vizuri. Kwa dhahabu, fedha na alumini inaweza kukudanganya mchana kweupe, na kuna miaka kumi ya historia ambapo fani nzima ilihangaika nayo.

Kwanza twende pamoja. Wavu wa difraksheni ni uso wenye mifereji myembamba iliyopangwa kwa nafasi sawa. Chukua CD ya zamani, zile zinazotundikwa shambani kufukuzia ndege. Ndani yake kuna tabaka la alumini, na mistari yake ya data imeachana kwa nanomita 1600. Ukiimulika wima kwa leza nyekundu ya nanomita 633, mwanga haurudi kwa njia moja kama kwenye kioo cha kujitazamia. Unarudi kwa njia tano: moja inarudi kulekule ulikotoka, mbili zinachepuka kwa nyuzi 23 hivi, moja kila upande, na mbili nyingine kwa nyuzi 52. Njia hizo tunaziita oda. Pembe zake hazihitaji programu yoyote, kikokotoo cha simu kinatosha. Kazi iko kwenye swali la pili: kila oda inabeba mwanga kiasi gani, na kiasi gani kinamezwa na metali na kugeuka joto? Hapo hakuna njia ya mkato. Inabidi utatue milinganyo ya Maxwell, na ndipo simulesheni inapoingia.

Swali hilo la pili si pambo. Mwaka 1976 Hutley na Maystre walionyesha jambo ambalo hadi leo linashangaza. Dhahabu laini huakisi zaidi ya asilimia 90 ya mwanga mwekundu. Lakini ichonge mifereji ya kina kidogo sana, kidogo kuliko hata sehemu ya kumi ya urefu wa wimbi, na kwa rangi moja na pembe moja itameza karibu mwanga wote. Yaani kioo kinageuka kuwa cheusi kwa sababu ya mikwaruzo tu! Kinachotokea ni kwamba mwanga unashikana na elektroni zilizo usoni mwa metali na kusafiri nazo kama wimbi moja, tunaloliita plazmoni. Kwenye grafu ya uakisi unaona shimo jembamba.

Sensa nyingi zimejengwa juu ya shimo hilo. Kitu kikigusa uso wa dhahabu, iwe protini au kemikali iliyomo kwenye maji, shimo linahama, mara nyingi kwa nanomita chache tu. Sasa fikiria simulesheni yako imeliweka shimo mahali pasipo pake kwa nanomita kumi. Umeshaagiza kiolezo kichongwe kwa mashine ya elektroni, ambayo si ya bei ya sokoni, bajeti ya mradi imekwisha, na leza uliyonunua haiendani na shimo lilipo kweli. Hapo ndipo ile sentensi ya sura ya mbinu inaacha kuwa utaratibu wa kuandika na inakuwa pesa.

Mbinu inayopendwa zaidi kwa nyavu ni ile ya mawimbi ambatani, ambayo maabara zote huiita kwa herufi zake, RCWA. Wazo lake ni zuri na ninalipenda. Mifereji inajirudia, kwa hiyo chochote kilichomo ndani yake unaweza kukiandika kama jumla ya mawimbi laini, moja likijirudia mara moja kwa kila mfereji, jingine mara mbili, jingine mara tatu, na kuendelea. Huo ndio mfululizo wa Fourier, na kila wimbi ni hamoniki. Ukiwa na hamoniki zisizo na mwisho jibu ni kamili. Kompyuta haina muda huo, kwa hiyo unakata: unachukua 20, au 50, au 100, na yanayobaki unayaacha. Ile R ya mwanzo inasimama badala ya neno la kujisifu, kama kusema "mbinu isiyo na mzaha". Kabla ya kukata, kweli haina mzaha. Mzaha wote uko kwenye kukata, na jina halikuambii hilo.

Moharam na Gaylord, wa Georgia Tech kule Atlanta, waliitoa mbinu hii mwaka 1981, na mwaka 1986 wakachapisha makala ya kuipeleka kwenye nyavu za metali. Siwadharau hata kidogo. Uzuri wa kazi yao ni kwamba mwanafunzi mwenye aljebra ya matriki tu anaweza kuiandika mwenyewe kwa wiki moja, na ndiyo maana ilienea kuliko mbinu zilizokuwepo. Waaustralia, yaani Botten na wenzake, walikuwa tayari wameshachapisha mwaka 1981 mbinu ya modi, inayotatua mifereji ya pembe mraba bila kukata mipaka yake vipandevipande, hata ya metali. Lakini mbinu hiyo inakutaka utafute mizizi ya mlinganyo kwenye bapa la namba changamano, na mzizi mmoja ukikuponyoka hesabu yote imeharibika. Watu wakachagua iliyo rahisi kuandika. Nami ningechagua hiyohiyo. Lawama yangu ni nyingine: urahisi wa kuandika uligeuzwa kuwa ushahidi wa usahihi.

Tatizo liko kwenye polaraizesheni moja kati ya mbili. Uga wa umeme ukienda sambamba na mifereji, hali inayoitwa TE, mambo ni shwari. Uga wa umeme ukikatiza mifereji, hali ya TM, ndipo balaa linapoanza, na kwa bahati mbaya ndiyo hali inayowasha plazmoni. Mwaka 1993 Li na Haggans walichapisha makala kuhusu jambo hilihili: kwa mifereji ya metali ya pembe mraba katika TM, mbinu hutulia polepole mno. Ndiyo makala ninayowashauri watu waisome kabla ya mwongozo wowote wa programu, kwa sababu waandishi wake hawakuwa na dawa ya kuuza. Walisema tu kwa uwazi kwamba hapa pana ugonjwa.

Sasa rudi kwenye sentensi yetu: matokeo yakaacha kubadilika. Hebu tufanye hesabu ndogo. Tuseme kosa lako linapungua kadiri unavyoongeza hamoniki, kwa uwiano wa moja kwa idadi. Tuseme ukiwa na hamoniki 50 umekosea kwa pointi 5 za asilimia. Ongeza moja, ziwe 51. Kosa jipya ni pointi 4.9. Jibu lako limebadilika kwa pointi 0.1 tu! Kwenye grafu huioni. Unaandika "limetulia" na kwenda kunywa chai, kumbe bado uko mbali kwa pointi karibu tano. Mabadiliko ni madogo kwa sababu mwendo ni wa kobe, na kobe ukimtazama kwa dakika moja utasema amesimama. Kwa hiyo usiongeze moja moja. Zidisha mara mbili: kutoka 50 hadi 100, kosa linashuka hadi 2.5, na sasa mabadiliko ya pointi 2.5 unayaona waziwazi. Sijui kwa nini miongozo mingi ya wanaoanza haisemi jambo hili, maana halihitaji hata fizikia.

Dawa ilikuja mwaka 1996, na ilikuja mara tatu ndani ya jarida moja. Lalanne na Morris, na kivyao Granet na Guizal, walionyesha kwamba ukibadilisha matriki moja tu ndani ya mbinu, majibu ya TM yanatulia kwa kasi ya ajabu. Badala ya kuchukua mfululizo wa Fourier wa pemitiviti yenyewe, unachukua mfululizo wa kinyume chake, yaani moja kugawanya kwa pemitiviti, unautengenezea matriki, kisha unaigeuza matriki hiyo. Kwa hamoniki zisizo na mwisho njia zote mbili ni sawa. Ukikata, hazifanani hata kidogo. Halafu Li, yuleyule wa 1993, akatoa mwaka huohuo maelezo ya kihisabati ya kwa nini ni hivyo.

Maelezo yake nitayapa nafasi, maana ndiyo kiini. Simama kwenye ukuta wa mfereji, hewa kushoto na dhahabu kulia. Pemitiviti inaruka ghafla: kutoka 1 hadi hasi 11.7 kwa mwanga mwekundu. Katika TM, uga wa umeme unaokatiza ukuta nao unaruka palepale. Lakini zao la hivyo viwili haliruki. Ni laini kabisa, fizikia ya mpaka inalazimisha. Yaani una vitu viwili vinavyoruka vikifutana miruko yao. Sasa ukimwandika kila mmoja kwa mawimbi laini yaliyokatwa, kila mmoja anapata viwimbi vya uongo karibu na ukuta, na ukiwazidisha, viwimbi hivyo havifutani tena. Zao ambalo lilipaswa kuwa laini linatoka na makovu pale ukutani. Njia ya 1996 inaanza na zao lililo laini, inaligawa, na kwa hiyo haidai kamwe kwamba miruko miwili iliyokatwa vibaya ifutane. Li aliyaweka haya kama kanuni za kuzidisha mifululizo, na kwa maoni yangu makala yake ni bora kuliko zile mbili zilizotoa dawa, ingawa ndizo zilizotangulia. Zenyewe zinakupa fomyula. Yeye anakuambia ni wapi fomyula ileile itakuumiza ukiitumia pasipofaa, kwa mfano kwenye TE, ambako uga hauruki na kanuni ya zamani ndiyo sahihi.

Utasema: programu za leo zote zina dawa hiyo, kwa nini unasumbua watu na mambo ya 1996? Kwanza, si zote. Misimbo inayorithishwa maabara, kutoka mwanafunzi hadi mwanafunzi kama sufuria ya ukoo, mara nyingi haina mtu anayejua imeandikwa kwa kanuni ipi. Pili, kasi mpya imewapa watu imani kubwa zaidi katika ile sentensi, na kuna makosa ambayo hutulia haraka na vizuri kabisa, kwenye jibu lisilo sahihi.

Chukua ukaguzi wa nishati, kipenzi cha pili cha waandishi wa tasnifu. Unajumlisha oda zote, ukipata moja kamili unafurahi. Kwa wavu usiomeza mwanga, mbinu hii huhifadhi nishati kwa idadi yoyote ile ya hamoniki, hata tatu. Ukipata moja kamili umejua kwamba hukukosea kuandika matriki, basi. Kwa metali ni vichekesho zaidi: wengi hukokotoa kiasi kilichomezwa kwa kutoa jumla ya oda kutoka moja, halafu wanajumlisha vyote na kutangaza kwamba nishati imehifadhiwa. Sasa ingepoteaje? Ukaguzi wa kweli ni kukokotoa joto ndani ya metali moja kwa moja, kutoka kwenye uga wenyewe na sehemu dhahania ya pemitiviti, kisha ulinganishe. Hapo utaona kama uga wako karibu na kona una maana au ni takataka.

Halafu kuna alama. Vitabu vya fizikia vingi huandika wimbi kwa alama moja ya wakati, vitabu vya uhandisi kwa alama kinyume. Dhahabu kwa nanomita 633 ina pemitiviti ya takriban −11.7 pamoja na sehemu dhahania 1.2, lakini kujumlisha au kutoa hiyo 1.2 kunategemea kitabu. Ukichanganya, dhahabu yako haimezi mwanga tena, inautoa. Hamoniki hazina habari na hilo, jibu litatulia vizuri tu. Jaribio la kawaida ni kufuta mifereji na kukagua uso bapa: jibu sahihi kwa mwanga wa wima ni asilimia 94.5 hivi. Ni jaribio zuri, lakini lina mtego. Ukiweka dhahabu kama tabaka la chini lisilo na mwisho, baadhi ya programu huchagua mzizi kwa namna ambayo alama mbaya inakupa asilimia 94.5 ileile. Weka badala yake filamu ya nanomita 200 juu ya kioo cha kawaida. Kwa filamu, programu haina mzizi wa kuchagua, na alama ikiwa mbaya utasoma asilimia 105.8. Kioo kinachorudisha zaidi ya ulichokipa! Ukiiona namba hiyo, usiguse hamoniki wala gridi. Badilisha alama.

Majina nayo ni kero. TE na TM si wote wanaoziandika kwa maana moja, wapo wanaotumia s na p, na wapo wanaotaja uga wa sumaku pale wewe unapofikiria wa umeme. Ukitafuta plazmoni na huoni hata dalili ya shimo, kabla ya kulaumu chochote, geuza polaraizesheni.

Pia kuna mashimo ya kweli yasiyo ya wavu, na hapa alumini inanichekesha. Rudi kwenye nafasi ya CD, nanomita 1600, mwanga wa wima hewani. Oda ya pili inalala kabisa juu ya uso urefu wa wimbi ukifika 800 kamili. Pale uakisi hukunjana ghafla, jambo ambalo Wood aliliona mwaka 1902 na Rayleigh akalieleza mwaka 1907. Lakini alumini yenyewe, hata ikiwa bapa kama meza, ina bonde lake la asili karibu na nanomita 825, kwa sababu ya elektroni zake kupanda ngazi ndani ya metali. Kwa hiyo una vitu viwili jirani, kimoja cha mifereji na kingine cha alumini, na mtu mwenye haraka atavibandika jina moja: plazmoni. Badilisha nafasi ya mifereji iwe 1500. Kinachohama ni cha wavu, kinachobaki ni cha metali. Na programu ikigoma pale kwenye 800 kamili, haijaharibika. Umeiomba igawanye kwa sifuri. Weka 800.1 uendelee.

Kwa mifereji ya mviringo, kama ile ya Hutley na Maystre, RCWA haina ukuta wa wima wa kushika, kwa hiyo inaukata mlima kuwa ngazi. Akili inasema ngazi nyingi zaidi ni bora zaidi. Mwaka 2002 Popov na wenzake walionyesha kwamba kwa metali katika TM kila kona ya ngazi inazua kilele chake cha uga ambacho mlima halisi hauna, na ngazi zikiongezeka zinadai hamoniki nyingi zaidi. Umeongeza kimoja, umeharibu kingine. Kwa umbo kama hilo mbinu ya Chandezon ya mwaka 1980, inayonyoosha uso kwa kubadilisha majira, inafaa zaidi, na inasikitisha kwamba haitajwi sana.

Ninyi wa FDTD msicheke pembeni. Mwanga mwekundu unaingia kwenye dhahabu kwa nanomita 29 hivi kabla ya kufifia, sasa gridi ya nanomita 10 inaona nini pale? Na ukiweka dhahabu ya Drude pekee, bila ile sehemu ya elektroni zinazopanda ngazi, umetengeneza metali nyeupe kama fedha. Manjano ya dhahabu yote yanatoka kwenye kumeza mwanga wa chini ya nanomita 500 hivi, na Drude haijui habari hiyo.

Ningekuwa mtahini, sentensi ile ningeifuta na kuomba grafu moja: jibu kwenye mhimili wa wima, na kwenye mhimili wa mlalo moja kugawanya kwa idadi ya hamoniki, kuanzia 10, 20, 40, 80 hadi kompyuta ilie. Msomaji anyooshe mstari mwenyewe kuelekea sifuri aone unafika wapi. Pembeni yake iwekwe namba ya filamu bapa, na jina la jedwali la metali lililotumika, kama ni la Johnson na Christy la 1972 au jingine. Vyote hivyo ni nusu ukurasa. Na kama grafu itaruka ghafla kwenye idadi fulani ya hamoniki kisha irudi, usiifiche nukta hiyo. Mwaka 2007 Lyndin, Parriaux na Tishchenko walieleza kwamba hata kwa dawa ya 1996, metali yenye sehemu dhahania ndogo mno huzalisha modi za uongo zinazojitokeza bila hodi. Wanaoweka sifuri pale "ili kurahisisha" ndio hukutana nazo zaidi, kwa hiyo rudisha ile 1.2 kwanza, halafu uchore upya.